Jua linabaki mchana, usiku tunazimika: je, niongeze betri?

SWALI

Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Mikindani. Miaka mitatu iliyopita nilifunga paneli nne za wati 450, inveta ya kilowati 3 ya volti 24, na betri mbili za jeli za Ah 200. Zinaendesha friza ambayo mama watoto anauzia barafu na samaki, feni mbili, runinga na taa. TANESCO nimeunganishwa pia, inveta inahamia huko betri ikishuka. Shida ni kwamba kufika saa sita mchana inveta inaonyesha betri imejaa, na jua bado kali mpaka saa kumi. Umeme wote huo unapotea bure. Halafu usiku TANESCO ikikatika, saa nane hivi na sisi tunazimika, tunaamka tumelowa jasho. Fundi wangu anasema niongeze betri mbili kama zile. Mwanangu aliyeko Dar anasema nitupe zote ninunue lithiamu. Nimebakiza kidogo kwenye kiinua mgongo. Nimsikilize nani? Na huo umeme unaobaki siwezi kuwauzia TANESCO?

JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na hilo neno lako, "unapotea bure", maana ndilo litakalokutoa pesa usipoliangalia. Jua linalopiga paneli saa tisa alasiri wakati betri imejaa halikugharimu hata senti. Paneli ulishailipia. Ikikaa bila kazi haili mafuta kama jenereta, wala haichakai zaidi ya pale. Betri ndiyo yenye gharama. Kila siku inazeeka, uitumie usiitumie, na katika vyombo vyote ulivyofunga ndiyo itakayokufa kwanza. Sasa mtu akinunua chombo kinachokufa ili akusanye kitu ambacho hakina bei, hapo hasara inaanzia dukani. Mimi sipimi betri kwa jua linalobaki. Naipima kwa usiku.

Basi tuupime usiku wako. Nitahesabu kwa uniti, zile zile unazonunua kwenye LUKU, kwa sababu uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, iwe zimetoka TANESCO au juani.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja asubuhi ni saa 13. Friza haifanyi kazi mfululizo, inawaka na kuzima, lakini kwa joto la Mikindani tukiiwekea wastani wa wati 70 hatutakosea sana: uniti 0.9. Feni mbili za kawaida, wati 60 kila moja, kwa saa tisa za kulala: uniti 1.1. Runinga ya jioni, 0.3. Taa za ndani na ile ya nje inayokesha, 0.3. Halafu kuna mlaji ambaye watu wengi hawamhesabu, nayo ni inveta yenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Hata usipowasha kitu inakula wati kama 40, na kwa saa 13 hiyo ni nusu uniti. Jumla unapata uniti 3.1.

Upande wa betri: mbili za volti 12 zikifuatana ni volti 24, na volti 24 mara Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri) ni uniti 4.8 kwenye karatasi. Lakini betri ya jeli ni ya risasi na asidi kama dada zake wote, na ukitaka ikufikishe kwenye ndoa ya mwanao mdogo usiitumie zaidi ya nusu. Zinabaki 2.4. Ongeza umri wa miaka mitatu na joto. Betri za risasi huandikiwa maisha yake kwa joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza maisha hayo karibu nusu. Chumba chenye bati bila dari huku kwetu kinafika 35 bila shida. Kwa hiyo nakadiria zako leo zinatoa uniti mbili hivi. Ukizigawa kwa mpangilio wa usiku wako, zinakwisha saa nane. Ndicho ulichoniambia.

Kwa hiyo ulichokosa, Mwalimu, ni uniti moja na kitu kidogo. Hiyo tu. Kabla ya kuinunua dukani, tuitafute humo ndani ya nyumba.

Kwanza ipo kwenye friza. Mama anauza barafu, na barafu ni betri. Nasema hivyo kwa maana halisi kabisa: lita 20 za maji zikishaganda, ili ziyeyuke zote zinahitaji kunyonya joto la karibu uniti 1.9. Hiyo ni akiba ya baridi ambayo haina asidi, haina nyaya, na haifi baada ya miaka mitano. Friza iliyojaa vitu vilivyoganda, ikifungwa isifunguliwe, hukaa na baridi yake takriban saa 48. Ikiwa nusu, saa 24 hivi. Sasa kwa nini uikeshe na betri? Nunua soketi yenye saa, ile taima ya kuchomeka ukutani, uiweke ikate saa tatu usiku na kurudisha saa mbili asubuhi jua likiwa limeshika. Mchana ipandishe friza baridi ya mwisho. Lakini mama naye abadilishe jambo moja: maji mapya ya kugandisha na samaki wabichi waingie asubuhi, si jioni. Wauzaji wengi wa barafu wamezoea kuweka maji jioni ili yaamke yameganda, na hapo friza inafanya kazi yake nzito kuliko zote saa ambayo jua halipo. Pia achukue chupa chache za lita moja na nusu, azijaze maji yenye chumvi nyingi ya kupikia, aache nafasi juu, azilaze pembeni mwa samaki. Maji ya chumvi huganda kwa baridi kali kuliko maji matupu, kwa hiyo yakianza kuyeyuka usiku yanamshikilia samaki chini ya sifuri. Wavuvi hawahitaji kufundishwa hili. Kwa mpango huo usiku wako unapungua robo tatu ya uniti.

Pili, feni. Zipo siku hizi feni za DC (umeme kama wa betri) zenye mota isiyo na brashi, zinazokula wati 25 mpaka 30 kwa upepo ule ule. Mbili zinakuokolea nusu uniti kwa usiku. Ukizipata za volti 24 unaweza kuzifunga moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, zisipitie inveta kabisa. Ila soma vizuri kilichoandikwa nyuma, kwa sababu feni ya volti 12 ukiipa 24 utanusa harufu yake mara moja tu.

Jumlisha. Ulikuwa na 3.1, umeshuka mpaka 1.8. Betri zako chakavu zinatoa mbili. Unafika asubuhi, na hujagusa kiinua mgongo zaidi ya feni mbili na taima. Ni kwa kubana, sikufichi, lakini unafika.

Mchana nao una kazi zake. Paneli zako ni wati 1,800. Kusini huku tunapata kama saa tano za jua kamili kwa wastani wa siku, ambazo kwenye hesabu ni uniti 9, na ukitoa joto la paneli, vumbi, chumvi ya bahari na nyaya unabaki na sita na nusu mpaka saba. Kujaza betri, friza ya mchana na mengine madogo hayazidi nne na nusu. Hizo mbili na zaidi zinazobaki zipe kazi saa sita: pasi, mashine ya kufulia kama ipo, na jiko la presha la umeme. Hilo la mwisho silitanii. Mbaazi ambazo kwa mkaa zinachukua nusu siku zinaiva kwa uniti chini ya nusu, na pweza pia analainika humo bila kupigwapigwa. Washa kimoja baada ya kingine, si vyote pamoja, maana pasi na jiko zikikutana wingu likapita, inveta itachota kwenye betri ulizotaka kuzitunza. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi nayo iwe mchana, ingawa kwa ukweli haili kiasi kikubwa kama watu wanavyodhani. Faida yake ni kwamba usiku TANESCO ikikatika maji yako yameshapanda.

Sasa ushauri wa fundi wako. Betri mbili mpya za jeli kuziunga sambamba na hizi za miaka mitatu: hapana. Na nasema hapana kwa sababu nilishawahi kufanya hivyo mwenyewe. Nyumba ya wageni moja upande wa Mingoyo, mwenye nyumba alitaka nafuu na mimi nilitaka kazi. Nikaunga mpya na za zamani. Za zamani zilikuwa zinashika volti haraka, chaja ikaona kazi imekwisha ikapunguza ampea, mpya zikawa hazijai sawasawa hata siku moja. Betri ya risasi isiyojaa vizuri hutengeneza chembe ngumu za salfeti kwenye bamba zake, na chembe hizo zikikomaa hazirudi nyuma. Usiku mambo yakageuka: mpya ndizo zilizobeba mzigo na kuwalisha wale wazee. Mwaka haukuisha. Nilirudisha sehemu ya pesa, na tangu siku hiyo betri za risasi nazibadilisha seti nzima.

Kuna jambo jingine hapo kwenye "imejaa saa sita". Inveta haioni ndani ya betri, inasoma volti. Betri ya jeli iliyozeeka hufika volti ya juu mapema kwa sababu uwezo wake umepungua, kama ndoo yenye mchanga chini inavyojaa kwa maji kidogo. Mwaka wa kwanza ilikuwa inajaa saa ngapi? Kama ilikuwa saa nane na sasa ni saa sita, huo si wingi wa jua, hiyo ni betri inayokuaga.

Kwa hiyo mwanao hakukosea. Amekosea muda tu, na hilo neno "tupa". Zitumie hizi mpaka zishindwe hata na usiku wa uniti 1.8. Zikishindwa, usizitupe wala usimruhusu mtu kuzipasua uani. Ndani kuna risasi, na risasi ni sumu kwa watoto. Wauzie wanaokusanya betri chakavu kwa kibali. Hapo ndipo ununue lithiamu, na ununue ile ya chuma na fosfeti inayoandikwa LiFePO4. Hii si ndugu wa karibu wa betri ya simu. Inavumilia joto vizuri zaidi, na inajazwa na kutumika mara 2,000 mpaka 6,000, wakati jeli ukiitumia nusu nusu inafika mara mia kadhaa, ikitunzwa sana elfu moja hivi.

Kwenye ukubwa ndipo watu wanapopigwa. Muuzaji atakuambia ulikuwa na Ah 200, chukua Ah 200. Si lazima. Betri moja ya LiFePO4 ya volti 25.6 na Ah 100 ni uniti 2.56, na unaruhusiwa kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, yaani uniti mbili na ushee. Ni sawa na zile jeli mbili zako za sasa zenye maandishi ya 4.8. Tena inarudisha karibu asilimia 95 ya ulichoweka, na jeli inakula robo au moja ya tano njiani. Kwa usiku uliobanwa, Ah 100 inatosha. Ukitaka akiba ya siku za mvua, chukua Ah 200. Zaidi ya hapo paneli zako nne hazitaijaza, utakuwa umenunua kabati la bei.

Ukishika hiyo ya Ah 100, muulize muuzaji kinga yake ya ndani, ile wanayoita BMS, inaruhusu ampea ngapi kutoka. Nyingi ni 100. Ampea 100 kwa volti 25 ni wati 2,500, na inveta yako ni ya 3,000, kwa hiyo pasi na jiko vikiwaka pamoja usiku betri inaweza kujikata yenyewe, ukadhani imekufa. Kwenye inveta badilisha mpangilio wa betri kutoka jeli kwenda lithiamu, volti ya kujaza isizidi 28.4, na ile kazi ya kusawazisha izimwe kabisa. Imetengenezwa kwa betri za maji na inapandisha volti mahali ambapo lithiamu haitaki. Fyuzi ya ampea 150 hivi ikae kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, na waya wenyewe usipungue milimita za mraba 35. Betri ikae chumba chenye hewa, mbali na jiko na bati, si chumbani unakolala. Karatasi yake itakuonya usiijaze chini ya nyuzi sifuri. Mtwara hatuna haja ya kulisoma hilo mara mbili.

Kuhusu betri za gari wewe hujauliza, lakini utashauriwa, kwa hiyo nasema: bamba zake ni nyembamba, zimeumbwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache gari liwake. Ukizikesha na feni, miezi michache zimeisha.

Tuje kwenye pesa, maana kuna watu wananunua betri ili "waikomoe LUKU". Angalia risiti yako. Toa kodi ya jengo kwanza, halafu tazama shilingi 10,000 inakupa uniti ngapi. Zikiwa 28 hivi, upo kwenye kundi la bei la T1, kila uniti inakugharimu takriban shilingi 356 pamoja na kodi. Zikizidi 80, upo D1, shilingi 122 hivi, ile ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja kila usiku ni uniti 30 kwa mwezi. Kwa D1 hiyo ni shilingi 3,660. Chukua mfano wa betri za shilingi milioni moja: zitachukua miaka zaidi ya 22 kurudisha pesa yake, na jeli haiwezi kufika hata robo ya hapo. Kwa T1 ni shilingi 10,680, karibu miaka minane. Lithiamu nzuri inaweza kufika, jeli haifiki. Na kama upo D1, kinachokubakiza chini ya uniti 75 ni hiyo friza kula jua mchana. Betri unanunua kwa sababu ya kulala vizuri TANESCO ikikatika, na hiyo ni sababu ya heshima kabisa, ila ijulikane ndiyo hiyo. Gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme iko hapo mgongoni kwetu, lakini umeme ukikatika feni haijui hilo.

Kuwauzia TANESCO: kanuni za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) za mwaka 2018 zinaruhusu mteja kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi, kwa kibali, kwa makubaliano na kwa mita inayohesabu pande zote mbili. Inveta yako si ya aina hiyo. Inachukua tu kutoka kwao, hairudishi. Mtu akija akakuambia ataibadilisha kinyemela irudishe, mkatalie. Baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia, kwa hiyo utatoa jua lako na kulilipia. Na kubwa kuliko pesa, kijana wa TANESCO aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anaweza kukutana na umeme wa kwako. Kwa uniti mbili za ziada kwa siku, mbaazi zina faida zaidi.

Neno kuhusu mvua, kwa sababu mahesabu yangu yote ni ya siku ya jua. Kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na siku ya mawingu mazito paneli zinaweza kutoa robo tu. Siku hizo hakuna betri itakayokuokoa, kwa kuwa hakuna cha kuijazia. Acha inveta ichaji betri kwa umeme wa TANESCO mchana wakati upo, ampea kidogo kama 20, ili usiku wa kukatika ukukute umejaa. Paneli zenyewe zitazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, kwa sababu Mtwara ipo nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua la mchana linakuwa upande wa kusini kidogo, utaliona, lakini usipande juu kuzigeuza. Kinachopotea ni kidogo kuliko bati utakalotoboa. Zifute tu kwa maji ya kawaida asubuhi mapema, hasa miezi ya kiangazi, maana chumvi ya bahari ikishikana na vumbi mvua ya kwanza haiitoi yote. Vichwa vya betri navyo ukiona ukungu mweupe au wa kijani, zima kila kitu, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, kausha, paka grisi.

Kabla hujanunua hata feni, nifanyie jaribio la usiku mmoja. Subiri siku ya jua betri zijae. Saa moja jioni zima laini ya TANESCO inayoingia kwenye inveta, ondoa friza, acha taa na feni ambazo jumla yake unaijua, tuseme wati 150, na uongeze 40 za inveta. Andika saa uliyoanza na volti kila baada ya saa moja. Inveta ikikata, au volti ikifika 24 kabla haijakata, simamisha. Zidisha saa ulizopata kwa wati 190, gawa kwa 1,000, hizo ndizo uniti. Ukipata jumla ya saa 10.5, betri zako bado zina zile uniti mbili nilizokisia na mpango wa friza na feni utakutosha. Ukipata sita au pungufu, mpigie mwanao muanze kuulizia bei ya lithiamu ya Ah 100, na mwambie fundi wako mimi ndiye niliyekukataza zile mbili.